Wazee wameniletea laki tatu ili niikane simu ya mume wangu

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu hapa nyumbani kila ninayemwuliza tayari ana upande wake.

Mume wangu alikuwa soja wa usiku kwenye ghala la vifaa vya ujenzi hapa Mtwapa. Aliyemwajiri ni kampuni ya ulinzi, si mwenye ghala. Usiku mmoja mwezi Machi majambazi waliruka ukuta wa nyuma wakamkuta yeye na mwenzake. Mwenzake alijeruhiwa akaweza kukimbia. Mume wangu walimpiga kwa nondo kichwani, akafa njiani akipelekwa hospitali. Walivunja afisi, wakachukua pesa na vitu vingine, pamoja na simu yake.

Polisi walimkamata kijana mmoja akiwa na simu hiyo. Nilipoitwa kituoni niliitambua hata kabla sijakabidhiwa. Kioo kimepasuka kona ya juu, na nyuma kuna kibandiko cha nyota alichobandika binti yetu mdogo, kisha akajaribu kukibandua kikachanika nusu. Kijana huyo na mwenzake wameshtakiwa kwa mauaji, na mimi nimeandikishwa kuwa shahidi.

Sasa wazee wamekuja. Walikuwa wanne, na shemeji yangu mkubwa yuko nao kama mwenyeji wao. Wanasema kijana ni mtoto wa watu tunaojuana, amepotoka, na kumfunga hakutamrudisha marehemu. Familia yake iko tayari kuuza kipande cha shamba inipe Sh300,000. Ninachotakiwa ni kimoja: siku nikisimama kortini niseme simu zinafanana, sina hakika. Wanasema hata mahakama siku hizi inakubali familia zimalizane zenyewe, na kwamba Nairobi kuna kesi ya mauaji iliyofutwa hivyo. Walipoondoka ndipo nikaja kujua kuwa shemeji ameshapokea Sh20,000 za kufungulia mazungumzo. Mama mkwe ananisihi nikubali. Analia, ananiambia mwenye njaa hana miiko.

Nina watoto watatu. Mkubwa anadaiwa karo Januari. Nauza viazi karai na bajia mbele ya nyumba, na kodi imelala. Kampuni ilileta jeneza na Sh40,000 za rambirambi, nikatia sahihi karatasi, na tangu siku hiyo hawapokei simu zangu. Mshahara wake ulikuwa Sh15,000, ukiingia kwa M-Pesa mwisho wa mwezi.

Usiku najikuta napiga hesabu za hiyo laki tatu, Shangazi, na asubuhi naona aibu. Nikizichukua nitakuwa nimemuuza mume wangu? Na serikali, haina chochote inachowapa watu kama sisi?

Mjane, Mtwapa

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Mungu amrehemu marehemu na akutilie nguvu wewe na wanao.

Hizo hesabu za usiku zisikutie aibu. Mumeo alikuwa akikesha lindoni kwa ajili ya unga, kodi na karo, na wewe ukihangaikia unga, kodi na karo unaiendeleza kazi yake. Mwanamke aliyeachiwa watoto watatu asipopiga hesabu, nani azipige? Pesa yenyewe haina kosa. Mimi nauliza inatoka kwa nani, na unadaiwa nini ili uipate.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kilichonishtua si wazee. Wazee umewaandikia aya nzima, kampuni ukaipa mistari miwili, na pesa zilizo haki yako zimo katika hiyo mistari miwili.

Mumeo hakufa akiwa matembezini. Alikuwa lindoni, saa za kazi, akilinda mali aliyotumwa kuilinda. Kenya ina Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, hiyo ambayo wengi tunaijua kwa jina la WIBA, na inamtaka kila mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima. Mfanyakazi akifa kutokana na kazi, wategemezi wake hulipwa fidia, na fidia ya kifo huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Chukua Sh15,000, uzidishe kwa 96. Ni Sh1,440,000. Laki tatu ya wazee haifiki hata robo yake, na pesa hizi hakuna atakayekuomba umdanganye jaji ndipo uzipate. Tena gharama za mazishi zina nafasi yake katika sheria hiyohiyo, mbali na fidia.

Ukisikia kampuni ikisema mumeo aliuawa na majambazi, si mashine wala jengo, kwa hiyo wao hawahusiki, usirudi nyumbani na maneno hayo. Majambazi ndiyo hatari yenyewe ya kazi ya usoja. Mtu huajiriwa usoja kwa sababu wezi wapo.

Lakini kuna saa inayokwenda. Dai la kifo linatakiwa liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya kifo. Umeniandikia Novemba, na yeye aliuawa Machi. Kwa hiyo usingoje kesi ya mauaji iishe, maana hizi ni njia mbili tofauti na moja haiingojei nyingine. Kesi ya mauaji inaweza kuchukua miaka, na wajane wengi wamepoteza haki hii kwa kuambiwa, na watu waliowatakia mema kabisa, kwamba wasubiri korti iamue kwanza.

Unakokwenda ni afisi ya Idara ya Usalama na Afya Kazini, DOSH. Mombasa wana afisi, na kutoka Mtwapa ni matatu moja tu. Usipige simu, nenda mwenyewe, tena mapema. Mwambie afisa kwamba mumeo alifia kazini Machi na unataka kujua kama mwajiri aliripoti kifo hicho. Mwajiri alitakiwa kuripoti ndani ya siku saba. Kama hakuripoti, kosa ni lake, na wewe unaripoti siku hiyohiyo. Beba cheti cha kifo, ripoti ya upasuaji wa maiti, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) ya kituo kilichoandikisha tukio, kitambulisho chako na cha marehemu, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama hamna cheti cha ndoa, barua ya chifu itakusaidia. Na kwa kuwa mshahara ulikuja kwa M-Pesa, una ushahidi ambao wengi hawana. Itoe taarifa ya malipo ya laini yake, miezi kadhaa nyuma, ili jina la anayelipa lionekane kila mwisho wa mwezi. Sare yake na kadi ya kazi usizigawe bado. Yule mwenzake aliyejeruhiwa mtafute. Huenda naye anadai, na anaweza kusema walipangiwa lindo na nani. Hata kama mumeo hakuwahi kupewa mkataba ulioandikwa, alikuwa mwajiriwa. Sheria ya Ajira inautambua mkataba wa mdomo.

Ile karatasi uliyotia sahihi inanikera. Mtu analetewa kalamu jeneza likiwa bado sebuleni! Hata hivyo usiichukulie kuwa umefungwa. Rambirambi ni mkono wa pole. Fidia ni hesabu ya kisheria inayopita kwa Mkurugenzi wa idara niliyokutajia, na Sh40,000 haikuwa hesabu hiyo. Kama una nakala nenda nayo, kama huna eleza ilivyokuwa. Dai likishapelekwa kwa mwajiri au kwa kampuni ya bima, sheria inawapa siku 90 wawe wamelipa. Wakipinga, kuna nafasi ya kupeleka malalamiko kwa Mkurugenzi mwenyewe, na baada yake rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Jihadhari na mabroka. Wanazunguka hospitali na vituo vya polisi, wanaahidi kuishtaki kampuni kesho, wanataka sahihi yako na sehemu nono ya pesa. Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2019 kwamba madai ya aina hii huanzia kwa Mkurugenzi, si kortini. Kulianzisha huhitaji wakili. Ukikwama, Kituo cha Sheria wana afisi Mombasa na kwa miaka mingi wamewasaidia watu wasio na pesa za wakili.

Sasa tuje kwa wazee.

Walichokwambia kuhusu Nairobi ni kweli, ila wamekupa kipande. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliruhusu shtaka moja la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa mila na dini yao na fidia ya mifugo kulipwa. Ambacho hawakukwambia ni kwamba ombi lile lilifikishwa mbele ya jaji na upande wa mashtaka wenyewe, waziwazi. Hakuna mjane aliyeambiwa aseme uongo kizimbani. Na tangu hapo majaji wengine wamekataa maombi ya namna hiyo, wakisema uhai wa mtu si jambo la familia mbili peke yake. Katiba inaiambia mahakama ihimize suluhu na njia za jadi, ni kweli, lakini kesi ya mauaji ni ya Jamhuri. Anayeweza kuiondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, tena kwa idhini ya mahakama. Wewe huna uwezo wa kuifuta, wala shemeji, wala wazee wanne.

Kwa hiyo hawanunui msamaha wako. Wanataka kununua ushahidi wako, na Kanuni ya Adhabu inalitaja jambo hilo: anayepokea mali kwa makubaliano ya kuficha kosa kubwa, au kuzuia mashtaka yake, au kuuficha ushahidi, ametenda kosa la jinai. Ongeza na kiapo cha uongo. Fikiria watoto wale watatu, baba yuko kaburini na mama yuko rumande kwa ajili ya laki tatu ambayo pengine ingelipwa kwa mafungu.

Nataka pia ujue uzito wa ulichonacho. Katika kesi za wizi wa mabavu na mauaji ya usiku, mara nyingi hakuna aliyeona sura vizuri. Kinachomuunganisha mshtakiwa na tendo ni kukutwa na kitu cha marehemu muda mfupi baadaye, bila maelezo ya maana. Kile kibandiko cha nyota kilichochanika nusu huenda ndicho kinachoishikilia kesi. Wazee wanalijua hilo. Wangeona ushahidi wako ni mdogo, wasingeuza shamba.

Sisemi kijana yule ameua. Hilo ni la jaji. Pengine atasema aliiokota au aliuziwa, na ana haki ya kusikilizwa. Wewe kazi yako ni kusema unachokijua: hii ni simu ya mume wangu, na alama zake ni hizi.

Zile Sh20,000 za shemeji zinanitia hofu zaidi kuliko laki tatu, kwa sababu hizo zimeshaingia mfukoni na sasa kuna watu wanaohesabu kwamba nyumba yenu imekubali. Usizipokee hata shilingi, na usiziweke kwako. Mwambie shemeji mbele ya mtu mzima mwingine unayemwamini kwamba hukumtuma. Kisha nenda kwa afisa wa upelelezi wa kesi, ueleze nani walikuja, siku gani, na walisema nini. Najua unavyosita, shemeji ni shemeji, na mtakutana kila msiba na kila harusi. Lakini ukinyamaza, siku jambo likifumuka utaonekana mlikuwa pamoja. Zungumza pia na kiongozi wa mashtaka. Wakianza kukutisha, hata kwa maneno ya utani, sema hapohapo. Kenya ina Shirika la Kulinda Mashahidi, na maombi yanaweza kupitia kwa polisi au kwa upande wa mashtaka.

Na ikiwa familia ya kijana ina uchungu wa kweli na inataka kuwasaidia watoto? Wapo watu wa namna hiyo, na mila zetu za kupeleka mkono kwa waliofiwa zina hekima yake. Wafanye hivyo kupitia wakili wao, kwa maandishi, upande wa mashtaka ukijua, bila sharti lolote juu ya ushahidi. Kijana akipatikana na hatia, jaji anaweza kuliangalia hilo wakati wa kutoa adhabu. Waambie hivyo, usikie watajibu nini.

Umeuliza kuhusu serikali. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Waathiriwa. Inakupa haki ya kuhudhuria kesi, kupewa habari za kesi inavyokwenda, na kutoa maoni yako. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilisema hata katika kesi ya mauaji familia inaweza kushiriki kupitia wakili wake, ingawa anayeendesha mashtaka anabaki kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Mshtakiwa akitiwa hatiani, kabla ya hukumu ya adhabu unaweza kutoa taarifa ya jinsi kifo hiki kilivyokuathiri. Hapo ndipo pa kusema yote: kodi, karo, mtoto anayeamka usiku, viazi karai. Mahakama ina uwezo wa kuamuru mkosaji alipe fidia. Uwezo upo, ila amri ya fidia juu ya kijana asiye na kitu hubaki kwenye karatasi. Sheria hiyo ilitaja pia mfuko wa waathiriwa. Mwanangu, usiupangie karo ya Januari.

Kuwashtaki wauaji kwa kesi ya madai kunawezekana pia, ndani ya miaka mitatu, lakini utatumia nauli na miaka kuwafuata watu wasio na mali. Nguvu zako ni chache. Zipeleke DOSH.

Ukiwa Mombasa pita NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi, uulize akiba yake. Marehemu aliyekuwa akikatwa mchango ana mafao ya warithi, na huko ndiko utakakogundua kama kampuni ilikuwa ikipeleka makato yake au ilikuwa ikiyala.

Nimalizie kwa mama mkwe, kwa sababu nadhani huyo ndiye unayemwogopa kumvunja moyo. Mama amezika mtoto, na pengine ni mtoto huyohuyo aliyekuwa akimtumia cha dawa na sukari. Anakusihi uchukue kilicho mbele yenu kwa kuwa hajui kuna kingine. Sheria ya WIBA inapozungumzia wategemezi haimtaji mke na watoto tu. Mzazi aliyekuwa akimtegemea mfanyakazi naye anaangaliwa. Kwa hiyo ukienda DOSH nenda naye. Akae kwenye kiti karibu nawe, asikie kwa masikio yake miezi 96 ni kiasi gani, na jina lake liandikwe kwenye fomu pamoja na ya wajukuu zake. Afisa atagawanya kulingana na nani alitegemea nini. Shemeji akija tena na wazee, aliyezaa ndiye atakayewajibu.

Pesa zikitoka, ziingie akaunti yenye jina lako, si ya shemeji "kwa niaba ya familia". Lipa kodi, lipa karo ya mwaka mzima, kilichobaki kiweke mahali ambapo huwezi kukichota kwa simu usiku wa huzuni. Niandikie ukishapewa nambari ya dai, na ukirudishwa kwa sababu yoyote niandikie jina la karatasi wanayosema haipo, tuitafute.

Shangazi